Tupeane uzoefu: Masika, vuli na mchoo vya Usambara siku hizi vinakuja lini kwenu?

Mkulima wa Soni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Ikiingia Machi, jamaa wa Tanga mjini huanza kuuliza kama mvua zimeanza milimani. Milimani wapi? Amani, ambako bahari haiko mbali, hupata milimita 1,900 hivi kwa mwaka na ni nadra kukuta mwezi mkavu kabisa. Shuka Mombo uone nyika na mkonge. Upepo unatoka baharini na unyevu wake, unagonga mlima, unapanda, unapoa, unamwaga upande unaotazama bahari. Ukivuka kwenda Mkomazi hauna kitu tena. Sisi wa Soni na Lushoto tupo katikati, tunakula masazo.

Kwa hiyo ukichangia, taja kwanza uko upande gani, na kama ni juu au bondeni. "Mvua imechelewa" peke yake haitusaidii.

Mimi ni viazi, kabichi na maharage. Ninavyoona, kilichoharibika zaidi ni mpangilio wa mvua kuliko wingi wake. Vuli inapiga siku chache za Oktoba, udongo unalowa juu juu, kisha jua linawaka hata wiki tatu. Maharage yaliyokwisha kuota yananyauka, na mbegu ya pili mtu anaichukua kwa mkopo. Ikirudi Novemba inarudi kwa fujo, ukungu unakaa mpaka mchana, na bakajani inaingia kwenye viazi. Majirani wengi sasa hawapandi mpaka wachimbe na kukuta unyevu umeshuka shubiri nzima. Mvua ya kwanza wanaiacha ipite.

Kwamkoro

Mkuu, huku Amani ni kinyume chako. Mvua tunayo, tunalilia jua. Karafuu na iliki lazima zikauke. Mchoo, ile mvua ya Julai na Agosti, wazee waliizoea kuwa ni rasharasha tu: inapita, unarudisha majamvi uani. Siku hizi inaweza kung'ang'ania wiki nzima. Karafuu ikilundikwa mbichi ndani inavuta joto, inapauka, na mnunuzi hana huruma, anaishusha daraja papo hapo. Wenye uwezo wameweka karatasi za nailoni juu ya vichanja. Sisi wengine tunakimbizana na mawingu, watoto wakitoka shule ndio walinzi.

Na kwa ndugu zetu wa Tanga mjini: maji yenu ya bombani yanatoka bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi, na Zigi inaanzia huku. Msitupigie simu ya mvua ya masika peke yake.

Mombo Chini

Sisi tunapigwa na mvua tusiyoiona. Anga jeupe, vumbi tele, mara unasikia mto unanguruma. Kumbe imenyesha kutwa nzima huko kwenu Soni. Nina majaruba ya mpunga karibu na mto, na nimejifunza kutazama ukingo wa mlima kuliko kutazama juu ya kichwa changu. Wingu zito likilala pale jioni, pampu naitoa mtoni usiku huohuo. Shemeji yangu yuko juu, naye ndiye redio yangu. Kwa bonde letu ananipa habari kuliko utabiri wa mkoa mzima.

Boda wa Lushoto

Mimi silimi. Barabara ya Mombo kupanda Soni, masika yakikolea, udongo na mawe vinashuka. Kipupwe cha Juni na Julai ukungu unafunga, taa ya pikipiki inaangaza pua yako tu. Zamani ukungu ulikuwa na miezi yake. Sasa nakutana nao hata Januari, mwezi tuliouhesabu kuwa wa jua.

Mdawida

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Wundanyi, Kenya. Milima ya Taita na Usambara ni ukoo mmoja, Tao la Mashariki. Kwetu mvua ya kutegemea ni ya Novemba na Desemba. Ile ya Machi mpaka Mei haina ahadi, hasa huko chini Voi. Lakini mimi naumia na ukungu, si kwa kuwa mwingi kama kwa huyo wa boda, bali kwa kupungua. Msitu wa asili unaunasa, majani yanadondosha matone mchana kutwa hata kama hakuna mvua, na chemchemi zinashiba. Pale kwetu palipojaa mikaratusi, chemchemi zimekonda.

Mjukuu wa Vuga

Babu kanisikia nikisoma uzi huu kwa sauti. Anasema mvua ilikuwa na mwenyewe. Enzi za Kimweri ye Nyumbai, karne ya 19, Washambaa walimhesabu mfalme wao wa Vuga kuwa ndiye mwenye mvua, na ikikosekana walijua pa kwenda kuuliza. "Nyie mnamuuliza nani?" Nikamjibu, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kacheka mpaka kakohoa.

Mbishi

Mnakuza mambo. El Niño ya 1997/98 mmeisahau? Milima ilimeguka, madaraja yakaenda. Mvua haijawahi kuwa na adabu.

Mkulima wa Soni

Mbishi, hatujasahau. Hata vuli ya 2019, bahari ya upande wetu ilipopata joto kuliko upande wa Indonesia, mvua ilikuwa balaa. Miaka ya namna hiyo ipo tangu zamani. Mimi nauliza habari ya miaka ya kawaida, ile isiyotangazwa redioni. Kuna mtu anaandika? Maana sote hapa tunabishana kwa kumbukumbu.

Ticha

Naandika, nipo Bumbuli. Huhitaji kifaa cha duka. Tafuta kopo lenye ukuta wima, lisilopanuka juu wala chini, litege mahali peupe. Likiwa karibu na mti, liwe mbali mara mbili ya urefu wa mti huo. Pima kwa rula kila siku saa 3 asubuhi, kisha mwaga. Kina cha maji kwa milimita ndiyo mvua yako. Andika na siku zenye sifuri, hizo ndizo watu wanaziruka. Anayeanza wiki hii anitumie ujumbe, nitampa daftari nililochora mistari.