Naombeni ushauri: picha ya matunda ya Eloise Stannard, nifike dau gani?

MamaPangani: Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Naishi Norwich, Uingereza, mwaka wa tisa sasa. Jumatano kuna mnada hapa, na imo picha ya rangi za mafuta ya Eloise Harriet Stannard: kikapu cha rasiberi na zabibu nyeusi. Jumamosi nilikwenda kuitazama. Zabibu zina ule unga mweupe wa tunda bichi kutoka mtini, na moja imechorwa kama imeguswa na kidole: unga umefutika, ganda linang'aa. Nilisimama hapo mpaka miguu ikauma.

Mama huyu alizaliwa hapa hapa Norwich mwaka 1829, binti wa mchoraji Alfred Stannard. Shule za sanaa za Royal Academy kule London hazikupokea mwanamke hadi 1860, na hata baada ya hapo darasa la kuchora mwili wa mtu waliendelea kunyimwa kwa miaka mingi. Matunda na maua hakuna aliyewakataza. Yeye akayachora hivi!

Akiba yangu ni pauni 1,500, makisio ni 1,000 hadi 1,500. Mwaka juzi nilinunua saa mnadani, nikaletewa bili yenye nyongeza nisizozijua. Safari hii sitaki kuumia.

FundiFremu: Dada, ukitaja 1,500 ukumbini umeshapitiliza. Juu ya bei ya nyundo, yaani dau la mwisho linalogongewa, kuna ada ya mnunuzi, na juu ya ada kuna kodi ya VAT asilimia 20. Ada ikiwa asilimia 25, nyundo ikigonga 1,150, unaongeza ada 287.50 na VAT 57.50. Jumla 1,495. Ishia hapo. Soma masharti yao kwanza, wengine ada yao ni kubwa zaidi, na ukishindania kwa intaneti huenda ukaongezewa asilimia nyingine.

Kijana_wa_Tanga: Dada yangu, nakuheshimu, ila hela hiyo nyumbani ni msingi wa nyumba. Picha hailiwi.

BiShamsa: Mwanangu, soma katalogi neno kwa neno. "Ya Eloise Stannard" na "inadhaniwa ni ya" ni bei mbili tofauti. Saini ikiwa E. Stannard tu, uliza: Emily, mke wa ami yake Joseph, naye alichora matunda na maua. Omba taarifa ya hali ya picha kwa maandishi. Nenda na tochi ya UV, ile ya mwanga wa urujuanimno. Palipopakwa rangi baadaye huonekana madoa meusi. Halafu geuza fremu, utazame kama turubai limebandikwa jingine kwa nyuma. Jumba la makumbusho la Norwich Castle lina kazi zake. Uliza kama zipo ukutani, ukazoeshe jicho.

MamaPangani: Asanteni sana. Leo nimerudi na tochi. Madoa mawili madogo kwenye kiza cha nyuma, zabibu hazijaguswa. Saini ni jina kamili, turubai ni lile lile la mwanzo. Nimeandika 1,150 kwenye daftari, sivuki.

Kijana wa Tanga, mdogo wangu, msingi nitachimba, nakuahidi. Ila bibi yangu aliuza maembe sokoni Pangani, na mteja akiyapapasa sana alimwambia, "Weka chini, unanifutia unga wake." Sijawahi kumwona mtu mwingine aliyeujali unga ule, mpaka Jumamosi.