Ruzuku ya kondoo: tulipwe kwa vichwa au kwa kupunguza?

Mleta hoja, Monduli: Wadau, tangu mwaka 2025 serikali ilipoanza kuchangia nusu ya bei ya chanjo ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, siku ya mnada Meserani hoja ni moja: ruzuku ifike hadi kwenye pumba na dawa ya minyoo. Mimi sina ugomvi na ruzuku, nagomba na kulipwa kwa vichwa, yaani kwa idadi ya mifugo. Uingereza walipita njia hiyo chini ya sera ya kilimo ya Ulaya. Kondoo jike alikuwa na malipo yake, basi watu wakawajaza milimani. Mwaka 2005 ndipo malipo yakaachanishwa na idadi, majani yalishaumia. Na kupunguza nako si lelemama: Dartmoor, huko huko Uingereza, ambako malisho ni ya pamoja, wafugaji walichachamaa mwaka 2023 walipotakiwa kushusha idadi. Sisi tungojee tufike huko?

Longido: Kaka, ukame wa 2009 uliniachia kondoo kumi na mmoja. Unaniambia nipunguze nini? Kundi ndiyo benki yangu. Kinachopungua ni ardhi. Kila mwaka shamba jipya linakata njia ya mifugo.

Moshi: Fungieni zizini jamani. Mimi ninao wanne, wanakula majani ya migomba, hawamsumbui mtu.

Longido: Shemeji wa Moshi, utuletee na migomba yenyewe.

Kisongo: 😂 Ila hiyo dawa ya minyoo mnaililia kwa sababu ya Dorper, kondoo wa nyama wa kutoka Afrika Kusini. Kondoo mwekundu wa Kimasai anavumilia minyoo, mmemchanganya wenyewe kwa tamaa ya uzito mnadani.

Mleta hoja: Hilo la Kisongo limenigusa, na mimi nimo. Kaka wa Longido, sikusema mwenye kumi na mmoja apunguze. Nasema hivi: wazee wetu wanatenga alalili, malisho ya ndama na wanyama dhaifu, na ukiingiza kundi lako unatozwa faini. Kijiji kinacholinda alalili yake mpaka kiangazi ndicho kilipwe ruzuku, pesa ziende kwenye lambo na josho. Mwenye mia nane asipate zaidi ya mwenye kumi.

Longido: Hapo naanza kukusikia. Ila huyo wa mia nane ndiye anayekaa kwenye kamati ya malisho. Faini atamtoza nani?