Naomba ushauri: Basenji au Azawakh?

Habari zenu wakuu. Natafuta mbwa wa aina isiyofugwa sana, na nimempenda mno Basenji, mbwa wa asili ya Kongo. Habweki kama wenzake, hutoa sauti kama anayeimba, hujilamba kujisafisha kama paka, na jike kwa kawaida huingia kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, mara moja tu kwa mwaka. Kinachonitia wasiwasi ni ukaidi wake na ile hamu ya kukimbiza kila kinachokimbia. Mwingine ni Azawakh, mbwa wa Saheli, ukanda ulio kusini mwa jangwa la Sahara: mwembamba, mwenye mbio, asiyezoea wageni upesi. Nina watoto wawili wadogo na paka. Mliowahi kuwafuga, naomba mniambie ukweli: Basenji hufundishika kuja akiitwa? Azawakh je, huvumilia kelele za watoto?