Friji linaunguruma, "tak!", kimya. Rilei nimebadilisha, bado. Msaada wakuu

Mkazi wa Igoma
Wakuu habari za jioni. Nina friji la milango miwili, lina miaka sita. Tangu Jumamosi haligandishi. Taa ya ndani inawaka vizuri, ila ukitega sikio kule nyuma unasikia linaunguruma kama sekunde tano, tak!, kimya. Baada ya dakika chache linarudia. Siku hiyohiyo nilikuwa nimetoka sokoni Mwaloni na sato saba, sasa wako kwenye friza la jirani na kila nikikutana naye naona aibu.

Fundi aliyekuja kaligusa kwa mkono tu, kasema kompresa (ile pampu ya gesi kule nyuma) imekufa, laki mbili na nusu. Nikaona nijaribu mwenyewe. Nimebandua kile kikofia cha plastiki pembeni ya kompresa (kibanio kimevunjika, nimekifunga na waya), nikatoa rilei (kile kidude cha kuisaidia kompresa kuanza), nikiitikisa inalia kama kayamba. Nimenunua nyingine mjini, nimefunga. Yaleyale. Na nimebakiwa na skrubu moja sijui ilitoka wapi. Nikate tamaa?

Binti Ukerewe
Skrubu ikibaki ujue umeshakuwa fundi kamili. Hao sato wabanike tu mkuu.

Fundi Baridi
Usikate tamaa, na bomba pia usikate. Soma kibandiko cha kompresa, kama kimeandikwa R600a hiyo gesi inashika moto. Rilei ikilia kayamba imekufa kweli, hapo hukukosea. Sasa chomoa plagi, toa rilei, utaona pini tatu. Weka tester (mita ya kupimia umeme) kwenye omu, yaani upande wa kupima ukinzani wa waya, pima pini mbilimbili. Utapata namba tatu, ile kubwa iwe sawa na jumla ya ndogo mbili. Halafu kila pini na bodi ya chuma ya kompresa, kwangua rangi kidogo, isisome kitu. Leta namba.

Na acha mchezo wa kuchomeka na kuchomoa. Likizima subiri angalau dakika tano presha ya gesi itulie, la sivyo hata kompresa nzima inagoma kuanza.

Mkazi wa Igoma
11, 17, 28. Kwenye bodi hakuna kitu.

Fundi Baridi
Waya za ndani nzima. Basi ama imejamu, ama umeme unaofika hauna nguvu ya kutosha. Umechomeka wapi?

Mkazi wa Igoma
Kwenye ekstensheni, pamoja na TV. Umeme upo vizuri, nimepima volti 224.

Mzee wa Mawe
Umepima likiwa kimya au likiunguruma? Nilipanga huku Mabatini juu mlimani, kila friji la mwenye nyumba likitaka kuanza taa zetu zote zinafifia. Kompresa ikianza inavuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida. Ingiza tester kwenye tundu la pembeni la hiyo ekstensheni, subiri liungurume, ndipo usome. Vidole mbali na chuma.

Mkazi wa Igoma
Aisee. Mama watoto kashika tochi, mimi tester. Kimya: 223. Likiunguruma: 151! Nikalivuta hadi soketi ya ukutani jikoni, nikasubiri dakika zangu tano, nikachomeka. Limeunguruma, halikusema tak. Mpaka sasa saa nne, chumba cha juu kimeanza kuota barafu.

Nimefungua plagi ya ekstensheni, skrubu ya nyutro imelegea kabisa, waya mweusi kama mkaa na plastiki imeyeyuka. Ina maana hata rilei ya kwanza iliuliwa na hii?

Fundi Baridi
Inawezekana sana. Itupe, usimgawie mtu. Friji lichomekwe ukutani peke yake, na utafute friji gadi, huwa inachelewesha umeme ukirudi ghafla. Hicho kikofia nacho kitafutie kibanio, waya wa chuma pale ni hatari.

Mkazi wa Igoma
Asante wakuu, waya natoa sasa hivi. Sato nimewafuata kwa jirani, wamerudi watano. Sijauliza.

Binti Ukerewe
Na ile skrubu?

Mkazi wa Igoma
Ipo mfukoni.