Kumkumbatia mpinzani ulingoni: mbinu au faulo?

Swali: Ndugu wapenzi wa ndondi, nimelitazama tena pambano la Oktoba 2013 mjini Moscow, ambamo Wladimir Klitschko alimkumbatia na kumlalia Alexander Povetkin mara kwa mara, kisha akashinda kwa pointi 119 kwa 104 kwa majaji wote watatu. Je, kanuni zinaruhusu?

Jibu la 1: Haziruhusu, ndugu. Kushika ni faulo, lakini adhabu imo mikononi mwa mwamuzi, ambaye kwa kawaida hutenganisha na kuonya kwanza. Pale Moscow Klitschko alikatwa pointi raundi ya 11, Povetkin akiwa ameshaangushwa mara nne. Adhabu hiyo haikubadili chochote.

Jibu la 2: Tuitazame pia faida yake. Bondia mrefu hupiga jebu (ngumi ya haraka ya mkono wa mbele) kwa mbali, na mpinzani anapopenya humbana mikono na kumwegemezea uzito shingoni, hivyo kumnyima ngumi za karibu huku akimchosha miguu. Muhammad Ali naye alimvuta George Foreman shingo jijini Kinshasa mwaka 1974, na wanaomlaumu ni wachache mno.

Jibu la 3: Tatizo ni waamuzi wanaochelewa kuadhibu. Aprili 2015 jijini New York, Klitschko alikatwa pointi kwa kushika dhidi ya Bryant Jennings, na hilo likaja raundi ya 10.