Siku moja Lisbon na bimkubwa: tuanzie wapi, tuache nini?

Binti Songoro
Habari za leo wadau. Naishi Utrecht, na mama yangu amekuja kunitembelea kutoka Kilwa Masoko. Nataka nimpeleke Lisbon kwa siku moja, Jumatatu ya katikati ya mwezi wa kumi. Tunatua saa 2:10 asubuhi na ndege ya kurudi Amsterdam ni saa 3:30 usiku. Tiketi za ndege bado naweza kuzisogeza siku moja mbele.

Mama ana miaka 66. Kwenye tambarare anatembea vizuri, ila ngazi zinamtesa magoti. Orodha yangu ni ngome ya São Jorge, tramu namba 28, mtaa wa Belém, mji wa Sintra, na kile chombo cha kanisa kilichotengenezwa kwa dhahabu ya Kilwa. Hicho ndicho anachokitaka kuliko vyote. Tutabeba mabegi ya mgongoni tu.

Naomba msaada: nikate nini kwenye orodha, tiketi gani ya usafiri inafaa, na chakula kwa watu wasiokula nguruwe. Pia viza ya mama imetolewa na Uholanzi, ni ya kuingia mara moja. Kwenda Ureno na kurudi kuna shida?

Fundi Ramani
Dada, kwanza kabisa hamisha safari iwe Jumanne. Jumatatu monasteri ya Jerónimos imefungwa, Mnara wa Belém umefungwa, na Museu Nacional de Arte Antiga (makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale), ambako chombo cha Kilwa kinakaa, nayo imefungwa. Mtabaki na ngome na mitaa. Kosa hili huwapata wengi kwa sababu tiketi za ndege za Jumatatu mara nyingi ni nafuu.

Pili, futa Sintra. Treni kutoka kituo cha Rossio ni kama dakika 40 kwenda na 40 kurudi, halafu unapanga foleni ya basi la kupanda mlimani, halafu kasri la Pena linataka tiketi ya saa maalumu. Ukijumlisha, nusu ya siku imekwisha na magoti ya mama yamekwisha.

Mpangilio wangu ni kuanzia mbali na kurudi kuelekea katikati ya mji:

Saa 2:45 mko nje ya uwanja. Ndege ya kutoka Amsterdam haina ukaguzi wa pasipoti, kwa hiyo ni haraka. Pandeni metro mstari mwekundu hadi Alameda, badilisheni mstari wa kijani hadi mwisho, Cais do Sodré. Hapo tramu 15E hadi kituo cha Mosteiro dos Jerónimos. Nunua mapema mtandaoni tiketi ya monasteri ya saa 4:30 asubuhi. (Tiketi itaandikwa 10:30, msichanganye na saa zetu. Na Lisbon iko saa moja nyuma ya Uholanzi.)

Saa 7 mchana jumba la makumbusho, na chakula hapo hapo. Saa 9:30 mko Praça da Figueira, mnapanda basi kwenda mlimani. Saa 12 kasoro robo jioni mnashuka, saa 1 mko uwanja wa ndege. Msiongeze kitu kingine.

Viza: mkiwa ndani ya Schengen (nchi za Ulaya zenye viza moja) hamtoki, kwa hiyo kwenda Ureno na kurudi hakuhesabiwi kuwa kuingia upya. Hakikisha tu kwenye stika sehemu ya nchi imeandikwa Schengenstaten na siku zake hazijaisha. Mama abebe pasipoti yenyewe, wewe pasipoti na kibali chako cha ukaazi. Nakala ya kwenye simu haitoshi.

Msafiri wa Tejo
Naongezea usafiri, maana hapo ndipo watu hukwama.

Kwenye mashine za kituo cha metro cha uwanja wa ndege nunueni kadi za usafiri ziitwazo navegante, kila mtu yake. Kadi tupu ni nusu yuro. Kadi moja haiwezi kupitisha watu wawili. Wekeni tiketi ya saa 24 ya Carris (mabasi na tramu) na Metro, ambayo ni kama yuro 7. Safari moja moja ni karibu yuro 2, na kwa ratiba ya Fundi mtapanda mara sita au saba, kwa hiyo inalipa. Saa 24 zinaanza kuhesabiwa mnapogusa kadi mara ya kwanza.

Angalizo: tiketi hiyo haifungui geti la treni ya CP, shirika la reli, pale Cais do Sodré. Watu wanaona treni inafika Belém kwa dakika 7, wanaikimbilia, kadi inakataa. Na kadi yenye tiketi ya saa 24 haikubali kuwekewa salio la kawaida mpaka tiketi ile iishe. Treni nyingine za kwenda Cascais zinapita Belém bila kusimama. Na hata ukishuka hapo kituoni, unavuka reli na barabara kubwa kabla hujafika monasteri.

Kwa mama, 15E ndiyo sahihi. Ni tramu ndefu za kisasa, sakafu iko chini karibu sawa na jukwaa. Tramu 28 ni kibehewa cha zamani, ngazi zake ni ndefu kwenda juu, viti vichache, na mara nyingi mtasimama huku kinayumba kwenye kona. Kule ndani pia ndiko wezi wa mifukoni wanakofanya kazi. Mkitaka kuiona, ioneni ikipita Portas do Sol, uwanja wa kutazamia mto, na mpige picha.

Kutoka Belém kwenda makumbusho pandeni basi 714, linasimama Rua das Janelas Verdes, mlangoni kabisa. Programu ya ramani inaweza kuwaelekeza mrudi na 15E mshuke Cais da Rocha. Msikubali, kuna ngazi nyingi kutoka hapo hadi juu. Mkimaliza makumbusho, 714 hiyo hiyo inaishia Praça da Figueira, na hapo hapo ndipo basi dogo 737 linapoanzia kwenda ngomeni.

Binti Songoro
Ahsanteni sana, nimeshahamishia Jumanne. Sasa huko makumbusho nikifika naulizia nini? Na pale Jerónimos, tuingie kanisani na uani kote?

Mpenda Historia
Ulizia *Custódia de Belém*. Ni chombo cha kanisa cha kuwekea hostia, mkate mtakatifu wa Wakatoliki, ili waumini waione, cha dhahabu na enameli za rangi, kimo chake sentimita 73. Mfalme Manuel I wa Ureno aliagiza kitengenezwe, na fundi anayetajwa ni Gil Vicente. Dhahabu yenyewe ni kodi aliyotozwa mtawala wa Kilwa mwaka 1502, pale Vasco da Gama alipofika na merikebu zenye mizinga. Dhahabu ilikuwa inatoka bara kupitia bandari ya Sofala, na Kilwa ndiyo iliyoshika biashara hiyo.

Mwambie mama asiharakishe kuangalia juu, ingawa juu kuna mitume 12 waliopiga magoti na njiwa mweupe katikati. Ainame kwenye kitako. Kimezungukwa na maandishi ya enameli ya Kireno cha zamani yanayosema mfalme aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikamalizika mwaka 1506. Kilwa imeandikwa QVILOA, na V ikisimama badala ya U. Zungukeni kabati la kioo polepole mpaka mlione neno hilo. Mtu wa Kilwa kulisoma jina la kwao pale, zaidi ya miaka 500 baadaye, hilo peke yake linatosha kwa nauli.

Kabla ya kusafiri angalia tovuti ya makumbusho kama makumbusho yenyewe na ukumbi huo viko wazi, maana hufungwa kwa ukarabati.

Jerónimos ina milango miwili yenye foleni mbili. Kanisani, lilipo kaburi la Vasco da Gama, huingia bure. Tiketi ni ya ua wa ndani wenye matao. Ingieni kote, kwa sababu ujenzi ulioanza mwaka 1501 uligharimiwa kwa asilimia 5 ya mapato ya biashara ya Afrika na Mashariki, na Custódia iliagizwa kwa ajili ya monasteri hii. Ndiyo maana Belém itangulie, makumbusho yafuate. Ghorofa ya juu ya ua ina ngazi, lakini ua wa chini ndio wenye nakshi zilizo karibu na jicho: kamba za meli, fundo, majani. Mnara wa Belém utazameni kwa nje. Ndani ngazi ni moja, nyembamba, ya kuzunguka.

Jiko la Mouraria
Chakula. Supu ya caldo verde inaonekana ya mboga tupu lakini kwa kawaida ndani kuna vipande vya chouriço, soseji ya nguruwe. Vitu salama kuagiza ni samaki wa kuchoma na bacalhau à Brás, yaani chewa mkavu aliyechambuliwa na kukaangwa na mayai na viazi. Kwenye keki ulizeni neno moja tu, *banha*, ndiyo mafuta ya nguruwe. Mkitaka nyama ya halali, ni Rua do Benformoso, karibu na Martim Moniz.

Mkikaa mezani mkaletewa mikate, zeituni na jibini bila kuagiza, si zawadi. Mkila mnalipa. Semeni hamhitaji, vitaondolewa bila ugomvi.

Keki za Pastéis de Belém, duka la tangu 1837: foleni ya nje ni ya wanaonunua na kuondoka nazo. Piteni ndani mkakae, vyumba ni vingi, na mama atapumzika.

Fundi Ramani
Mawili ya mwisho, dada. Watu watakwambia mpande na 737 halafu mteremke mtaa wa kale wa Alfama kwa miguu. Kwa magoti mabovu mteremko ni mbaya kuliko mpando. Njia zimepangwa vijiwe vya chokaa, kila kimoja kama boksi la kiberiti, vimesuguliwa na nyayo mpaka vinang'aa, na manyunyu yakipiga vinateleza kama vimepakwa sabuni. Mama avae raba zenye meno. Kaeni Portas do Sol na Santa Luzia, ni bure na mto wote unaonekana, mkapate na ladha ya Alfama, jina lililotokana na Kiarabu *al-hamma*, chemchemi za maji moto. Kisha shukeni na 737 hiyo hiyo. Ngome nayo iacheni, kiingilio ni zaidi ya yuro 15 na kutani ni ngazi tupu.

Jioni metro ni Rossio, kijani hadi Alameda, nyekundu hadi uwanjani. Angalia tiketi yako ya ndege kama imeandikwa Terminal 2. Metro inawashusha Terminal 1, na kutoka hapo kuna basi la bure. Litengee dakika 15.