Nanunua punda wawili wa mkokoteni wa maji: nikague nini mnadani?

MajiChamwino
Mbukwenyi wakuu. Nataka punda wawili wa kuvuta mkokoteni wa kuuza maji huku Chamwino. Kutoka kisimani ni kama kilomita nne, njia ina mchanga sehemu mbili na kilima kimoja kifupi. Mkokoteni upo, una matairi ya gari. Ng'ombe nawajua, punda sijawahi kufuga. Nimeshauriwa niende mnadani Msalato nichague wenye miili mikubwa. Umri gani unafaa? Dume au jike? Halafu nira ya maksai ninayo ya akiba, itafaa?

Kwato_Nne
Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo linaloumiza punda wengi huku kwetu. Nira waachie maksai. Ng'ombe anasukuma kwa nundu na shingo. Punda hana nundu, na nguvu yake ya kuvuta iko kifuani. Ukimvika nira, mti unasaga mfupa pale mabega yanapokutana, kinatoka kidonda, na kila asubuhi unakitonesha upya.

Mshonee mkanda wa kifua wenye upana wa sm 8 hadi 10, wa turubai iliyokunjwa, ndani uweke blanketi kuukuu au kitambaa cha pamba. Kamba ya nailoni inakata, mpira wa tyubu unatoa jasho na kuchubua. Mkanda upite juu kidogo ya kiungo cha bega: ukipanda hadi kooni unamkaba, ukishuka unazuia miguu ya mbele. Ongeza mkanda wa mgongoni wenye pedi, na mwingine wa matakoni. Huo wa matakoni watu wengi wanaupuuza, lakini kwenye kilima chako ndio breki. Bila huo mkokoteni unamgonga miguu ya nyuma kila akishuka.

Bi_Mifugo
Kuhusu umri, usiulize mdomo wa muuzaji, fungua mdomo wa punda. Tazama meno ya mbele ya chini. Mawili ya katikati ya utotoni hung'oka na kuota ya kudumu akiwa na miaka miwili na nusu hivi, yanayofuata miaka mitatu na nusu, ya pembeni miaka minne na nusu. Jino la utoto ni dogo, jeupe, limebanwa kwenye fizi. La kudumu ni pana, lina rangi ya manjano kidogo. Akitimiza mitano kinywa kimejaa. Baada ya hapo ni kukadiria: kijana meno yake ya juu na chini hukutana wima, mzee huchomoza mbele. Malisho yenye mchanga huyala meno haraka, kwa hiyo usishangae punda wa miaka kumi kuonekana mzee zaidi.

Kwa kazi yako tafuta wa miaka mitano hadi kumi. Pia nusa kinywa na uangalie chini wakati anakula. Akidondosha vidonge vya majani yaliyotafunwa nusu, magego yana tatizo, na punda wa hivyo hanenepi hata umpe mashudu ya alizeti gunia zima.

Mwili mkubwa si hoja. Chukua futi ya fundi nguo, mzungushe kifua nyuma tu ya miguu ya mbele. Sm 110 ni karibu kilo 117, sm 120 karibu kilo 148. Wawili wanaokaribiana ni bora kuliko mmoja mkubwa na mmoja mdogo, maana mkubwa atavuta na mdogo atasukumwa.

Mzee_wa_Bahi
Wenzangu wamesema vizuri, ila naona jambo kubwa zaidi limerukwa. Usinunue punda wawili, nunua jozi. Punda hushikamana sana na mwenzake. Ukimtenganisha anaweza kulia siku nzima na kugoma kula. Kugoma kula si deko: mafuta ya mwili humwagika kwenye damu, ini linashindwa, na anaweza kufa ndani ya siku chache, hasa aliyenenepa au jike mwenye mimba. Ukikuta wawili waliozoea kuvuta pamoja, hata wakiwa wa kawaida tu na bei iko juu kidogo, wachukue hao.

Waombe wafungwe mkokoteni hapo hapo wavute kama nusu saa wakiwa na mzigo. Muuzaji akikataa, ondoka.

Dume asiyehasiwa mimi simshauri mjini. Akisikia jike anaita, mkokoteni na maji vinamfuata yeye.

Kwato_Nne
Hapo kwenye dume naongeza: aliyehasiwa ndiye bora. Jike ni mpole, lakini mimba ni karibu miezi 12, na miezi mitatu ya mwisho hafai kuvuta. Mwulize muuzaji kama amechanganyika na dume.

Kwenye ukaguzi, mtembeze kwenye ardhi ngumu. Anayechechemea mguu wa mbele huinua kichwa akikanyaga mguu mbovu na kukiinamisha akikanyaga mzima. Inua kwato zote nne: harufu mbaya ni uozo, kwato yenye joto kuliko nyingine huenda ina usaha ndani. Kama anakataa kabisa kushikwa miguu, utapata taabu kila wiki sita hadi kumi za kuchonga kwato. Manyoya meupe juu ya mabega au mgongoni ni makovu ya vidonda vya zamani, na palepale ndipo vitarudi. Akiwa amepakwa grisi au masizi mgongoni, pangusa uone.

MajiChamwino
Asanteni sana. Nimeona mmoja, mwenyewe anasema ana miaka saba. Chini ana meno manne mapana, mawili ya pembeni madogo meupe. Na niwapakie madumu mangapi?

Bi_Mifugo
Huyo hajafika mitano. Ni kati ya mitatu na nusu na minne na nusu, kwa hiyo jamaa anakuuzia mtoto kwa bei ya mtu mzima. Si mbaya kama ana mwenzake, ila mwaka wa kwanza nusu mzigo.

Kwa jozi iliyokomaa, madumu 20 ya lita 20 ni kilo 400 za maji, mkokoteni wenyewe haujahesabiwa. Kwenye njia yenye mchanga usizidishe hapo. Beringi ziwe na grisi na matairi yajae upepo, kwa sababu tairi bapa linawaongezea mzigo usiouona. Panga madumu katikati ya ekseli. Yakilalia mbele mikono ya mkokoteni inawakandamiza mgongoni, yakilalia nyuma inawanyanyua.

Kabla ya kazi wachanje pepopunda, muuzaji akisema tayari omba maandishi. Wape dawa ya minyoo na wapumzike wiki mbili wakizoea maji na malisho ya kwako.

Mzee_wa_Bahi
Na karatasi. Chukua hati ya mauziano yenye muhuri wa mtendaji wa kijiji cha muuzaji, pamoja na kibali cha kuwasafirisha kutoka kwa afisa mifugo. Umoja wa Afrika ulikubaliana Februari 2024 kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, lakini wizi haujaisha, na punda wa bei ya kutupa asiye na karatasi ana mwenyewe anayemtafuta. Usiku wafunge ndani ya zizi, na mifuko ya plastiki iokote yote, wanaila na inaziba utumbo.

MajiChamwino
Nimeelewa. Nitakwenda na futi, na huyo mtoto namwacha mpaka nimwone mwenzake.